Uhitaji wa Abiria na Upangaji wa Njia za Matatu: Mfano wa Embu na Meru
Katika barabara ya Embu hadi Meru, ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu, matatu aghalabu huondoka stendi zikiwa zimejaa. Kwa hivyo, anayehesabu abiria garini hupata idadi ya waliosafiri, wala si ya waliohitaji kusafiri. Ramani ya njia za matatu za Nairobi, iliyotolewa mwaka 2014 kwa data iliyokusanywa kwa simu za mkononi, ilionyesha njia na vituo. Haikumhesabu aliyeachwa kituoni. Hivyo basi, kabla ya kubadilisha njia, sharti wapangaji wawahesabu pia wanaongoja kando ya barabara, siku za soko na siku za kawaida. La sivyo, kijiji kisichofikiwa na gari kitadhaniwa hakina abiria.