SOMO LA ROBO HII: KUULIZA KABLA YA KUKATA



Katika kikao cha kamati hapa Gungu, mzee mmoja alisimama akasema: "Wanangu, sisi tuliomba mabati ya zahanati. Mbona kwenye bajeti naona fedha za kumsomesha muuguzi aende kuhesabu majeraha?" Alikuwa anazungumzia ada ya kijana wetu anayesomea shahada ya uzamili, ambaye utafiti wake unahusu kuzuia majeraha na usalama wa mgonjwa. Swali lile ni la haki, na somo hili ni jaribio la kumjibu.

Huku kwetu majeraha hayahitaji kutafutwa. Mkwezi anateleza juu ya mchikichi akiwa na panga mkononi. Mvuvi wa dagaa anaanguka ziwani usiku bila boya. Pikipiki iliyobeba abiria wawili na madumu ya mawese inapinduka njia ya Ujiji. Tumezoea kusema ajali haina kinga, na msemo huo umetufanya tusiulize ajali zinatokea wapi, saa ngapi na kwa sababu gani. Huko Moshi, watafiti wa Hospitali ya KCMC wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliandikisha majeruhi waliofika idara ya dharura, wakakuta pombe inajitokeza mara kwa mara. Kutokana na hesabu hiyo ukabuniwa mpango wa mazungumzo mafupi kati ya mhudumu na majeruhi, unaoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako.

Lakini kuna majeraha ya aina ya pili, yale anayoyapata mgonjwa akiwa tayari mikononi mwa waganga. Haya hatupendi kuyataja. Mjomba wangu alianguka kutoka kwenye mchikichi akavunjika paja. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, alichomwa sindano ya dawa iliyokuwa imemdhuru miaka ya nyuma. Mkewe alikuwa amesimama pale pale na alijua. Hakuulizwa, naye aliogopa kusema mbele ya daktari. Mjomba alivimba uso, pumzi ikakata, na ilikuwa kazi kubwa kumrudisha. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kilichokosekana ni swali moja.

Swali hilo limo katika karatasi ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Ina vipengele 19, vinavyosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya kumpa mgonjwa nusu kaputi, kabla ya kukata ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Huyu ni nani, anafanyiwa nini, upande upi? Kuna dawa inayomdhuru? Antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Sindano na vitambaa vimehesabiwa vikatimia? Tena kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Jambo hili wengine hulicheka, ila muuguzi aliyekwisha kutaja jina lake huona wepesi zaidi kusema "Daktari, subiri kidogo."

Karatasi hiyo ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane duniani, zikiwemo za London, Toronto na New Delhi. Ya nane ilikuwa ya kwetu Tanzania, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ambayo ni ya Kanisa. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa jumla ya hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, na waliopata madhara makubwa wakapungua kutoka 110 hadi 70. Wafadhili wetu wapime wenyewe gharama ya karatasi hiyo.

Hata hivyo tusiigeuze kuwa hirizi. Mwaka 2014, utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana wa vifo baada ya karatasi ile kuanza kutumika. Mabishano yalikuwa mengi, na wengi walisema alama ya vema huweza kuwekwa bila mtu kufungua mdomo. Mimi naamini hivyo, maana nimeona daftari la mahudhurio lililojazwa kabla ya kikao kuanza.

Kwa hiyo, mzee wetu, mabati bado yanahitajika, na ombi lako halijaondolewa kwenye bajeti. Kijana tunamsomesha ili ajue nani anaumia katika mitaa yetu, na akirudi awe na ujasiri wa kuuliza hata pale mkubwa wake ana haraka.

Kwa majadiliano ya kamati: Katika kigango chenu, ni watu wangapi walioanguka kutoka kwenye michikichi tangu Pasaka, na nani ameandika? Na mke wa mgonjwa anayejua jambo, katika zahanati yenu amwambie nani?