Mbwa Akojoaye Mara kwa Mara

Mbwa aliyezoea kutoka nje kwa haja yake, kisha akaanza kukojoa barazani usiku, kwa kawaida hupigwa. Watu husema amekuwa mjeuri. Lakini kabla ya kushika fimbo yafaa tumwangalie: je, hutoa mkojo mwingi kila mara, au hujikamua na kutoa matone tu? (Dume ainuaye mguu kwenye kila mti si mgonjwa, anaweka alama ya mipaka yake.)

Matone machache yatokayo kwa shida huonyesha kasoro ya kibofu. Vijidudu hukiwasha, hata mnyama akaona haja ingawa kibofu ki karibu kitupu. Majike huugua zaidi, maana njia yao ya mkojo ni fupi. Mawe pia hufanyika humo. Dume ajikamuaye bila kutoa hata tone apelekwe kwa bwana mifugo siku ile ile. Huenda jiwe limeziba njia, na uchafu uliokuwa utoke na mkojo hubaki damuni ukamwua.

Atoaye mkojo mwingi hunywa maji mengi pia. Pimeni: mbwa wa kilo 20 akinywa zaidi ya lita 2 kwa siku, pana ugonjwa. Labda figo zimechoka kwa uzee. Labda ni jike mwenye usaha katika tumbo la uzazi, jambo litokealo majuma machache baada ya joto lake, nalo ni la hatari sana. Wengine humnyima maji ili asikojoe. Huo ni ukatili, na tena humzidishia ugonjwa, kwani anywa kwa sababu mwili wapoteza maji.

Au ni kisukari. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa yule akaanza kukojoa ovyo. Mkojo ulipopimwa ukaonekana una sukari. Sukari ikizidi damuni hupita katika figo, nayo huvuta maji pamoja nayo. Mwaka 1921, huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata katika kongosho za mbwa dawa iliyoshusha sukari ile, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akadungwa. Ndiyo insulini. Siku hizi mbwa mwenye kisukari naye hudungwa insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, baada ya chakula.