Mhimizaji na Mkaguzi wa Vinu vya Atomiki

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1954, Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilikabidhiwa kazi mbili: kuhimiza ujenzi wa vinu vya umeme wa atomiki, na kukagua usalama wake. Mwanafunzi atatambua kasoro iliyopo, kwani anayeinadi bidhaa si wa kuaminiwa kuikagua. Sheria ya mwaka 1974 iliivunja tume hiyo. Januari 1975 ukaguzi ukashikwa na tume mpya isiyohusika na uhimizaji.

Je, utengano huo ulitosha? La. Mwaka 1977, katika kinu cha Davis-Besse, jimboni Ohio, vali ya kupunguza kanieneo ilikwama ikiwa wazi. Wakaguzi walipata habari, lakini onyo halikuwafikia ipasavyo wahudumu wa vinu vingine vya aina hiyo. Tarehe 28 Machi 1979 vali ya namna hiyo ilikwama katika kinu cha Three Mile Island, Pennsylvania. Taa iliyokuwa mbele ya wahudumu ilionyesha tu kwamba vali imeamriwa kujifunga, si kwamba imejifunga. Nao, wakidhani maji yamezidi, wakayapunguza. Takriban nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.