SOMO LA UFUGAJI: CHAKULA CHA KIANGAZI HUANDALIWA MASIKA



Wengi wetu hapa Rumonge, tukitoka kwenye michikichi au mwaloni, tunarudi nyumbani penye ng'ombe mmoja au mbuzi watatu. Mnyama huyo ndiye ada ya shule na ndiye akiba ya ugonjwa. Lakini mvua ikikatika mwishoni mwa Mei, ifikapo Agosti mbavu zake zinahesabika. Ukilazimika kumwuza wakati huo, mchuuzi ndiye anayepanga bei.

Zamani ng'ombe aliachwa ajitafutie. Sheria ya Oktoba 2018 imepiga marufuku mifugo kuzurura nchini Burundi na kuagiza ifugwe zizini. Basi mnyama aliyefungwa hula kile tu ulichomletea.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 120 za kiangazi ni kilo 720. Nyasi zikatwe Mei, kabla hazijatoa mbegu, zianikwe, zigeuzwe, kisha ziwekwe juu ya chanja chini ya paa. Atakayengoja Julai atakata vijiti.

Hata hivyo nyasi kavu peke yake hazitoshi. Protini ikipungua chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya majani hudhoofika, na ng'ombe huacha chakula mbele yake. Nyongeza tunayo hapa hapa: mashudu ya kokwa za mawese, yenye protini kama sehemu 15 katika 100. Anza na konzi moja, ukiongeza polepole kwa wiki mbili hadi kilo moja kwa siku. Changanya na pumba za mahindi, maana mwanzoni huyakataa. Yenye ukungu tupa. Chumvi na maji visikosekane.

Wenye kondoo wasikilize vizuri. Mashudu haya yana madini ya shaba, na kondoo hawezi kuyatoa mwilini kama ng'ombe. Hujikusanya kwenye ini kimyakimya, kisha siku moja anakufa ghafla, na jirani akasingiziwa uchawi! Kondoo apewe majani ya kaliandra.

Kwa kikao kijacho kila mwanachama alete hesabu yake: wanyama wangapi, kilo ngapi za nyasi, chanja kipo au hakipo. Wasio na mahali pa kukata nyasi waseme mapema, tupange namna ya kununua mashudu kwa pamoja kabla ya Juni.