KULIFANYA UPYA BAFU LA ZAMANI KWA FEDHA KIDOGO: TENGENEZA KABLA YA KUPAMBA

Malengo ya somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji mwenye bafu lililochakaa, ambaye hana uwezo wa kulibomoa na kulijenga upya. Baada ya kulisoma, mlaji ataweza:

1. kutofautisha kasoro ya sura na kasoro ya maji;
2. kupanga matumizi ya fedha yake kwa utaratibu unaofaa;
3. kununua vifaa na dawa bila kujidhuru wala kudanganywa;
4. kuweka makubaliano na fundi yatakayomlinda.

Utangulizi

Nyumba nyingi za mijini zilizojengwa miongo mitatu au minne iliyopita zina mabafu ambayo bado ni madhubuti. Kuta zake ni za tofali, sakafu ni ya terazo, na sinki la kunawia ni la kauri nzito. Mara nyingi kilichochakaa ni uso tu: marumaru yamepauka, viungo vimekuwa vyeusi, koki zimeshika kutu, rangi inabanduka. Bafu la namna hiyo halihitaji nyundo. Linahitaji jicho la uangalifu na fedha iliyopangwa.

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba mmoja alitaka bafu lake lipendeze kabla ya wageni wa harusi kuwasili. Fundi alimshauri abandike marumaru mapya juu ya yale ya zamani, akakubali, na akalipa fedha zote siku ya kwanza. Kazi iliisha kwa siku tatu na ilipendeza. Miezi minne baadaye marumaru yakaanza kubanduka, na ukuta wa chumba cha watoto, ulio nyuma ya bafu, ukalowa. Ndani ya ukuta kulikuwa na bomba lililokuwa likivuja tangu mwanzo. Ili kulifikia, ilibidi kuvunja marumaru mapya pamoja na yale ya zamani. Fundi hakupatikana tena kwa simu, na hakukuwa na karatasi yoyote ya makubaliano.

Fedha ya familia hiyo haikupotea kwa sababu marumaru yalikuwa mabaya. Ilipotea kwa sababu ilitumika kufunika tatizo badala ya kuliondoa. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna chumba ambamo onyo hilo ni la kweli kuliko bafuni.

Hatua ya kwanza: Chunguza maji kabla ya kununua chochote

Uchunguzi ufuatao hauhitaji fundi, na gharama yake ni ndogo mno.

Mita ya maji. Hakikisha tangi la kuhifadhia maji limejaa, kisha funga koki zote za nyumba. Andika namba zinazoonekana kwenye mita. Subiri saa mbili bila mtu yeyote kutumia maji, halafu usome tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja.

Tangi la choo. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, na usivute maji kwa dakika 20. Rangi ikionekana ndani ya bakuli la choo, kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi kimechakaa. Aghalabu hubadilishwa kizibo hicho peke yake, wala si tangi zima. Maji yakifurika kupitia bomba la ndani la tangi, tatizo ni boya au koki yake.

Koki inayodondosha. Weka chombo chini yake kwa saa moja, kisha upime. Ikiwa umekusanya nusu lita, hiyo ni lita 12 kwa siku na lita 360 kwa mwezi, yaani ndoo 18 za lita 20 ambazo umezilipia bila kuzitumia. Mara nyingi dawa yake ni kubadilisha mpira mdogo ulio ndani ya koki.

Marumaru. Yagonge moja baada ya jingine kwa mpini wa bisibisi. Marumaru yaliyoshika vizuri hutoa mlio mzito, na yaliyoachia hutoa mlio wa utupu. Yakiwa mawili au matatu, yanaweza kubanduliwa na kubandikwa upya. Yakiwa ni sehemu kubwa ya ukuta unaopata maji ya kuogea, usibandike kitu juu yake hadi chanzo kijulikane.

Unyevu wa ukuta. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache kwa saa 24. Matone yakiwa upande unaogusa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta, na fundi bomba anahitajika. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa maji ya kuogea, na unachohitaji ni hewa: fungua dirisha, ondoa vitu vinavyoliziba, au weka feni ya kutolea hewa.

Hatua ya pili: Safisha, kisha uamue

Watu wengi hutupa vitu ambavyo vilihitaji kusafishwa tu. Kichwa cha bomba la mvua kinachotoa maji kwa upande mmoja kwa kawaida kimezibwa na chumvi za maji, hasa kwenye maji ya kisima. Kifunge ndani ya mfuko wa nailoni wenye siki kwa muda wa saa moja, kisha ukisugue kwa mswaki wa zamani. Viungo vya marumaru vilivyoota ukungu husafishwa kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa kama lebo inavyoelekeza.

Hapa tunatoa maonyo mawili. La kwanza ni la uhai. Usichanganye kamwe dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pa hatari kubwa. Ukitumia moja leo, suuza kwa maji mengi, acha dirisha wazi, na uahirishe nyingine hadi siku nyingine. Usinunue dawa iliyowekwa katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Hujui kilichomo, na mtoto anaweza kuinywa.

La pili ni la mali. Asidi hula terazo, marumaru ya jiwe halisi na saruji ya viungo. Sakafu ya terazo iliyofifia isimwagiwe asidi. Ioshwe kwa sabuni laini na, uwezo ukiruhusu, isagwe na kung'arishwa na fundi mwenye mashine. Terazo iliyong'arishwa vizuri inaweza kukupunguzia gharama ya sakafu mpya.

Hatua ya tatu: Gawanya fedha kabla ya kwenda dukani

Tuseme familia ina shilingi 400,000. Tunashauri kwanza itenge 60,000 kwa ajili ya dharura, kwa kuwa bafu la zamani halikosi jambo lililojificha. Katika 340,000 zilizobaki, 160,000 ziende kwenye uvujaji na mifereji ya maji machafu. 60,000 kwenye usafi na viungo vya marumaru. Na 120,000 kwenye mambo ya sura. Bei hutofautiana kwa mji na kwa duka, na kwa hiyo kinachopaswa kushikwa ni mpangilio huo, si tarakimu zenyewe. Ikiwa uvujaji umemeza zaidi ya fungu lake, punguza kwenye sura. Usifanye kinyume.

Hatua ya nne: Mahali ambapo fedha kidogo huonekana

Kazi zifuatazo hubadilisha bafu bila kuvunja kitu.

Viungo vya marumaru. Kwangua saruji ya zamani iliyooza, osha, acha pakauke, kisha jaza mpya na ufute mabaki kabla hayajakauka. Ukuta uliodhaniwa umezeeka mara nyingi huonekana mpya kwa kazi hii peke yake.

Silikoni. Mahali sinki linapokutana na ukuta, ondoa silikoni yote ya zamani kabla ya kuweka mpya. Ikipakwa juu ya ile yenye ukungu haitashika. Usimwage maji hapo mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite.

Rangi. Sehemu ya ukuta iliyo juu ya marumaru ikwanguliwe, isuguliwe kwa msasa, isafishwe ukungu na ikauke kabisa. Kisha ipakwe rangi ya msingi, na baada yake rangi inayostahimili maji. Rangi iliyopakwa juu ya ukungu huwa imeuficha kwa muda tu.

Vifaa vidogo. Kifuniko cha choo, kioo, ndoano za taulo na koki moja inayoonekana hubadilisha sura ya chumba. Kabla ya kununua kifuniko cha choo, pima urefu na upana wa bakuli pamoja na umbali wa matundu ya skrubu.

Usalama. Ikiwa nyumbani kuna mzee au mjamzito, mpini imara wa kushikia ukutani na mkeka usioteleza vitangulie kioo kipya. Marumaru ya sakafu yanayong'aa dukani huteleza yanapolowa.

Umeme wa bafuni

Katika kazi zote za bafuni, hii ndiyo ambayo hatushauri mlaji aifanye mwenyewe. Hita ya umeme inayofungwa kwenye kichwa cha bomba la mvua huweza kutumia zaidi ya wati 5,000. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni zaidi ya ampea 21, mzigo ambao waya wa taa haukuwekwa kuubeba. Hita hiyo inahitaji waya wake peke yake wenye unene unaofaa, swichi yake ya kukata umeme, na waya wa ardhini uliofungwa ipasavyo. Bila hayo, anayeoga anasimama juu ya maji akiwa karibu na kifo. Muombe fundi umeme akuonyeshe leseni yake inayotolewa na EWURA kabla hajaanza kazi, na uikague bila kuona haya.

Dukani

Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwenye bidhaa zinazopaswa kuwa nayo. Shika koki mkononi: ya shaba ni nzito kuliko ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ukinunua marumaru, pima eneo lako kwanza. Sakafu ya mita 1.5 kwa mita 2 ni mita za mraba 3, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya yatakayovunjika, nunua 3.3. Hakikisha katoni zote zina namba moja ya toleo, kwani rangi hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki na uitunze. Maandishi ya risiti hizo hufifia, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi halikuondolei haki ya kulalamika pale bidhaa inapokuwa na kasoro.

Makubaliano na fundi

Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe: kazi zitakazofanyika, moja baada ya nyingine, nani ananunua vifaa, bei ya ufundi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na muda ambao fundi atarudi kurekebisha bila malipo endapo kutavuja. Pande zote mbili zitie saini mbele ya shahidi.

Usilipe fedha zote mwanzoni. Lipa kwa awamu kulingana na kazi iliyokwisha kuonekana, na ubakize sehemu ya mwisho hadi bafu litakapokuwa limetumika kwa siku kadhaa. Fundi mwaminifu hatachukizwa, kwa kuwa karatasi hiyo inamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayeongeza kazi bila kuongeza malipo.

Mpangaji na apate kwanza kibali cha maandishi cha mwenye nyumba, kikieleza kama gharama zitakatwa kwenye kodi. Asiye na kibali hicho huenda akawa amepamba mali ya mwingine kwa fedha yake.

Ukidhulumiwa

Rudi kwanza dukani au kwa fundi ukiwa na risiti, picha na karatasi ya makubaliano. Eleza unachotaka: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usiposikilizwa, peleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani (FCC). Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kuhusu ubora hafifu wa bidhaa, ipo TBS. Malalamiko yenye ushahidi husikilizwa kwa wepesi kuliko yale ya mdomo.

Hitimisho

Turudi kwa familia ya mfano wetu. Kama ingesoma mita kwa saa mbili kabla ya kumwita fundi, ingejua kwamba ukuta wake unavuja. Ingeziba bomba kwa kuvunja mahali pamoja, ikasafisha viungo, ikabadilisha kioo na koki, na wageni wa harusi wangekuta bafu safi. Na chumba cha watoto kingebaki kikavu.

Maswali ya kujipima

1. Taja njia mbili za kugundua uvujaji bila kumwita fundi.
2. Kwa nini dawa ya klorini haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi?
3. Koki yako inadondosha robo lita kwa saa. Unapoteza lita ngapi kwa mwezi wa siku 30?
4. Andika rasimu ya makubaliano kati yako na fundi kwa kazi moja ya bafuni kwako, kisha umsomee mtu mwingine wa nyumbani. Je, ameelewa kila kipengele?

Jibu la swali la tatu: lita 180, sawa na ndoo 9 za lita 20.