Somo: Maji ya muji kabla ya kufika kwa mboga



Muto Kawa unapita katikati ya muji wa Bukavu na kuingia mu Ziwa Kivu. Unapokea maji ya mifereji na ya vyoo, na maji hiyo haisafishwe kwanza. Kutoka ziwa, Ruzizi inashuka mupaka Ziwa Tanganyika, ikipita kwa wakulima wa bonde. Chupa za plastiki kila mutu anaziona. Zimeziba hata mashini za umeme pale Ruzizi. Lakini vijidudu vya kipindupindu na mayai ya minyoo havionekani. Maji inaweza kungaa, kumbe iko navyo.

Miji yenye kusafisha maji yake inafanya namna gani? Kwanza maji inapumuzishwa, matope na mayai ya minyoo inazama. Kisha wadudu wadogo sana wanakula uchafu uliobaki. Miji fulani ya nchi za joto inatumia mabwawa tu, moja nyuma ya ingine, na jua inaua vijidudu. Kazi kubwa inafanywa na muda na jua, na hivyo viwili sisi pia tuko navyo.

Mu shamba, tuchimbe mashimo matatu ya maji. Leo moja linajazwa, la pili linapumuzika, la tatu linatumiwa. Kesho zamu inageuka. Teka juu juu tu, arozwari isiguse matope, kwani mayai ya minyoo iko pale chini. Matope yakijaa, yafukie chini ya miti, mbali na mboga na muto. Zungushia lupango juu ya watoto. Maji hii haiko ya kunywa hata kidogo. Tena mashimo haiwezi kuondoa mafuta ya garaji ao dawa za kiwanda. Kama mufereji wenu unaleta hizo, tafuteni maji ingine.

Mwagilia kwa mizizi, si juu ya majani. Siku tatu mbele ya kuvuna, acha kabisa maji ya mufereji, jua ifanye kazi yake. Najua mutasema nini: mboga inanyauka, bei inashuka. Ni kweli. Lengalenga na sombe zinapikwa, hatari ni ndogo. Saladi na karoti zinaliwa mbichi: siku hizo tatu umwagilie na maji ya chemchemi ao ya mvua. Kama hauna, pale panda mahindi ao maharagi.

Kuna tabia moja inayoharibu kazi hii yote: kuosha mboga mu mufereji asubuhi ya soko, kusudi zingae. Unamurudishia munuzi vijidudu vyote. Osha na maji safi, ao uza bila kuosha.

Na sisi pia tuko juu ya wengine. Kuoshea pompe ya dawa mutoni, ao kujenga kibanda cha nguruwe kwa ukingo, ni kuwafanyia wa chini vile muji unatufanyia. Pandeni setaria ao tripsakumu kwa ukingo. Majani inashika udongo na samadi wakati wa mvua.

Kazi ya kikundi: fuateni mufereji wenu kwa miguu mupaka juu. Muandike kila choo, kila garaji na kila kibanda cha nyama mutakachokuta, na mulete karatasi hiyo kwa mukutano.