SOMO: BWANA MSA, DANIELI NA BAHASHA YA RUANGWA



Napenda sana hadithi za upelelezi wa mauaji. Nilianza nikiwa mdogo, nyumbani Nachingwea, na kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960. Nilikuwa nashindana na Bwana Msa: nafunga kitabu kabla ya mwisho, namtaja muuaji, halafu nafungua kuona kama nimepata. Mara nyingi nilikosa, na hapo ndipo palipokuwa na raha!

Baadaye, nikisoma falsafa, nikasikia habari za fumbo gumu kupita yote: Cain's Jawbone, yaani taya la Kaini, la Mwingereza Edward Powys Mathers, mwaka 1934. Kurasa 100 zimechanganywa makusudi. Msomaji azipange, kisha ataje waliouawa sita na waliowaua.

Kwa nini mafumbo haya yanatuvuta hivyo? Nadhani ni kwa sababu Mungu aliumba akili zetu ziutafute ukweli. Fumbo hata liwe gumu vipi, unajua jibu lipo. Hamu hiyo ni njema. Lakini mimi iliniaibisha Ruangwa.

Tulikuwa kwenye semina ya vijana, bahasha ya nauli ikapotea. Mimi frateri, na digrii yangu ya falsafa, nikajifanya Bwana Msa. Nani alilala karibu na mlango? Nani alitoka usiku? Nani kanunua vocha asubuhi? Dalili zote zikamwangukia kijana mmoja, nikamtaja mbele ya wenzake. Saa nne mama mpishi akarudi kutoka sokoni. Kumbe bahasha aliikuta imesahauliwa kwenye benchi, akaitunza ndani ya ndoo ya mchele.

Nilimwomba yule kijana msamaha mbele ya watu walewale. Alinisamehe. Lakini kwaya hajarudi mpaka leo.

Sasa fungua Danieli sura ya 13. Wazee wawili wanamzushia Susana uzinzi, na watu wameshaamini. Danieli anawatenganisha, anamuuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Kila mmoja anataja mti wake! Susana anapona. Danieli alipeleleza ili amwokoe aliyeshtakiwa. Mimi nilipeleleza ili nipate wa kumshtaki. Katekisimu, namba 2477, inatuonya juu ya hukumu ya haraka: kuamini kosa la jirani bila msingi wa kutosha.

Kitabuni ukikosea, waliomo ni watu wa karatasi. Ruangwa alikuwepo mtu, na mama yake alisikia.

Wiki hii tujaribu haya:
1. Kabla ya kumtaja mtu, jiulize: dalili hizi haziwezi kuwa na maelezo mengine?
2. Muulize yeye kwanza, faraghani.
3. Ulimchafua hadharani? Msafishe hadharani.

Tuombe: Ee Bwana, unayeijua mioyo yetu, utupe akili ya kutafuta ukweli na upendo wa kumlinda jirani. Amina.